UNENE NA KIFO CHA GHAFLA



Mtu mnene akianguka ghafla na kufa, msibani watu huulizana, "Nani kamfanyia?" Sisi wauguzi tumelisikia swali hilo mara nyingi. Jirani husingiziwa, ukoo hugawanyika, lakini ni nadra mtu kuuliza marehemu alipima presha lini.

Jambo hili si jipya. Hippocrates, mganga wa Ugiriki ya kale, aliona zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba wanene hufa ghafla kuliko wembamba. Kwetu, hata hivyo, unene ulihesabiwa kuwa dalili ya maisha mazuri. Miaka ya 1990 aliyekonda alidhaniwa ana Ukimwi, hivyo wengi waliogopa kupungua.

Je, unene unaudhuruje moyo? Mwili ukiwa mkubwa, moyo hulazimika kusukuma damu nyingi zaidi. Misuli yake huongezeka unene na vyumba vyake hutanuka. Unene pia huleta presha na kisukari, ambavyo huharibu mishipa inayoulisha moyo. Moyo una umeme wake mdogo unaoongoza mapigo. Umeme huo ukivurugika, moyo hutetemeka tu badala ya kupiga. Damu haifiki kwenye ubongo, na mtu huzimia katika sekunde chache.

Utajuaje kama umezidi? Gawanya uzito wako wa kilo kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya jibu tena kwa urefu huo huo. Mama wa kilo 95 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 37. Kuanzia 30 ni unene wa kupita kiasi. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani: mwanamke akifikia sentimita 88, au mwanamume 102, hatari ni kubwa.

Usidharau kifua kubana, mapigo kwenda ovyo, kuzimia, kuhema ukitembea kidogo, au kukoroma huku pumzi ikikatika usingizini. Njoo upimwe.

Huna haja ya kukonda kama kijiti. Mama yule akishuka hadi kilo 88 tu, presha yake inaweza kupungua. Punguza mafuta, soda na chumvi, ongeza mboga, tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Dawa za presha usiziache bila ushauri wa daktari.

Mtu akianguka, haitiki wala hapumui vizuri, msipoteze muda kwa kummwagia maji. Mlazeni chali mahali pagumu, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari.

Na msiba ukishatokea, tusimtafute mchawi. Tuwalete ndugu waliobaki wapimwe presha na sukari.