Ilona Maher: Mwanaraga Aliyejaza Viwanja

Wahenga walinena ya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanamke wa Marekani ambaye sifa hazikumlevya, bali alizigeuza kuwa faida ya mchezo wake.

Bi Ilona Maher alizaliwa mwaka 1996 mjini Burlington, jimbo la Vermont, naye baba yake alikuwa mchezaji wa raga. Katika Chuo Kikuu cha Quinnipiac alisomea uuguzi, na timu yake ikatwaa ubingwa wa vyuo mara 3 mfululizo. Baadaye aliingia timu ya taifa ya raga ya wachezaji 7.

Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Marekani ilishika nafasi ya 6. Hata hivyo, video za mzaha alizozitoa Bi Maher kutoka kijiji cha wanamichezo zilimfanya ajulikane duniani kote. Wakatokea pia wenye kumbeza, wakidai kwamba umbo lake ni la kiume na kwamba amenenepa kupita kiasi. Naye hakujificha. Alitaja hadharani uzito wake, ratili 200, akaeleza ya kuwa sehemu kubwa yake ni misuli. Na rangi ya mdomo akaendelea kuipaka siku za mechi.

Tarehe 30 Julai 2024, mjini Paris, Marekani ilikuwa nyuma ya Australia kwa pointi 7 dhidi ya 12, na muda ulikuwa ukiyoyoma. Ndipo mwenzake, Alex Sedrick, alipopokea mpira karibu na mstari wao wenyewe, akawaponyoka walinzi, akakimbia uwanja mzima na kufunga, kisha akapiga mkwaju wa nyongeza. Marekani ikashinda 14 kwa 12 na kupata nishani ya shaba, ya kwanza kwake katika raga ya wachezaji 7 ya Olimpiki. Ofisa wa jeshi, Sammy Sullivan, naye alikuwamo kikosini. Punde tu mfadhili Michele Kang aliahidi kuipa timu hiyo dola milioni 4 katika muda wa miaka 4.

Januari 2025 Bi Maher alijiunga na klabu ya Bristol Bears ya Uingereza, kwa raga ya wachezaji 15. Mechi yake ya kwanza ilihamishiwa uwanja mkubwa wa Ashton Gate, wakaja watazamaji 9,240. Agosti mwaka huo, Kombe la Dunia lilifunguliwa mjini Sunderland mbele ya watu 42,723, na wenyeji wakaicharaza Marekani 69 kwa 7.

Kipigo hicho kina funzo. Uingereza ilianza mwaka 2019 kuwaajiri wanaraga wake wa kike kwa mshahara, ili kazi yao iwe raga peke yake. Bi Maher amewaleta watu uwanjani, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa: kuwalea na kuwalipa wachezaji wenzake ni wajibu wa wale wanaouongoza mchezo huo.