Mshahara na Kazi Viandikwe Ukurasa Mmoja



Jilaal inapoingia Mandera, kuanzia Januari hadi Machi, ngamia, ng'ombe na mbuzi hujaa kwenye visima vya mashine. Mashine inanguruma mchana na usiku, na dizeli inakwisha upesi. Mwisho wa mwezi mweka hazina anafungua kasha, kumbe pesa hazitoshi! Kamati inakaa chini ya mti, na mmoja anasema, "Tupunguze mfanyakazi." Mara nyingi anayetajwa ni mlinzi, kwa sababu hana wa kumtetea.

Hebu tuulize: mmejuaje kwamba mlinzi ndiye anayemaliza pesa? Mmehesabu, au mmekisia tu?

Makampuni makubwa huweka mshahara wa kila mtu kando ya kazi aliyofanya, halafu huangalia gharama inatoka wapi. Sisi pia tunaweza kufanya hivyo. Hatuhitaji kompyuta. Daftari moja na kalamu vinatosha.

Kuandika daftari

Kila siku karani aandike mambo haya:

1. Tarehe, na majina ya waliokuja kazini.
2. Saa ambazo mashine ilifanya kazi. Kama mashine ina saa yake ya kuhesabu, andikeni namba ya asubuhi na ya jioni.
3. Lita za dizeli zilizotiwa.
4. Pesa za maji zilizokusanywa, pamoja na namba za risiti.
5. Siku ya malipo, mshahara uliolipwa, na sahihi au dole gumba la aliyepokea.

Ni muhimu mambo haya yote yakae katika daftari moja. Yakiwa mbalimbali, mshahara kwa mweka hazina na dizeli kwa mwendesha mashine, hakuna atakayeona picha nzima.

Kusoma daftari

Tuchukue mfano. Huu tumeutunga ili hesabu ieleweke. Kamati inamlipa mwendesha mashine shilingi 15,000 kwa mwezi, karani 10,000 na mlinzi 10,000. Mwezi wa Januari mashine ilifanya kazi saa 120 na kunywa lita 480 za dizeli. Gawanya: ni lita 4 kwa saa. Februari ilifanya kazi saa 100 tu, lakini ikanywa lita 500. Gawanya tena: ni lita 5 kwa saa.

Kwa hiyo kila saa imepotea lita 1. Kwa saa 100 ni lita 100. Tuseme lita moja ni shilingi 180, basi hasara ni shilingi 18,000 kwa mwezi mmoja. Mshahara wa mlinzi ni 10,000. Mkimfukuza, bado shimo halijazibwa, na usiku hakuna wa kulinda mashine.

Sasa msikimbilie kusema mwendesha mashine ameiba. Daftari linaonyesha pa kuuliza tu. Huenda chujio la dizeli ni chafu, au oili haikubadilishwa kwa wakati, au bomba linavuja. Huenda saa zingine hazikuandikwa. Huenda kweli dizeli imeuzwa. Mwiteni, mwonyesheni hesabu, mwacheni aeleze. Pengine aliomba chujio jipya mwezi uliopita na kamati ikakataa "kupunguza gharama". Hapo kosa ni la nani?

Majina yasiyo na watu

Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilihakiki orodha yake ya mishahara, ikakuta watumishi hewa zaidi ya 10,000. Majina yalikuwa yanalipwa, lakini watu hawakuwapo kazini. Tusicheke majirani zetu. Hata katika kikundi kidogo kuna yule kijana wa mjomba ambaye "husaidia kisimani" na kila mwezi anapokea, lakini hakuna aliyemwona akisaidia. Ukiweka safu ya malipo kando ya safu ya mahudhurio, jina hilo litajitokeza lenyewe. Ni jambo gumu kulisema mbele ya wazee. Ila daftari likisomwa wazi katika mkutano, hakuna mtu mmoja anayebeba lawama ya kusema.

Kupunguza bila kuumiza

Daftari la mwaka mzima linaonyesha pia miezi ya kazi nyingi na miezi ya kazi kidogo. Mvua za Gu zikinyesha, mifugo huenda kwenye mabwawa na mashine hupumzika. Huo ndio wakati wa kumpa mfanyakazi likizo yake ya mwaka na kumwita fundi aangalie mashine. Ukimpa likizo wakati wa Jilaal, utalipa watu wawili kwa kazi moja.

Sheria inasemaje

Wengine hufikiri sheria ni ya makampuni tu. La. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamlinda pia anayeajiriwa na kikundi:

- Kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi.
- Mfanyakazi apate angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na baada ya mwaka likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo.
- Kabla ya kumwachisha kwa kazi mbaya, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua, naye asikilizwe.
- Akipunguzwa kwa sababu nafasi yake imeondolewa, apewe notisi ya angalau mwezi 1, na ofisi ya kazi ijulishwe. Alipwe pia mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi.

Kwa hiyo yule mlinzi, kama amefanya kazi miaka 4, anastahili mshahara wa siku 60. Kumwondoa si bure.

Wenzetu, daftari si fimbo ya kumpigia mfanyakazi. Siku nyingine litawaonyesha kwamba mwendesha mashine anayetunza mashine vizuri anastahili kuongezwa, maana anawaokolea dizeli kuliko mshahara wake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mwezi uliopita mashine yetu ilikunywa lita ngapi kwa saa? Nani anajua?
2. Kila tunayemlipa, kazi yake imeandikwa wapi?
3. Mara ya mwisho tulipopunguza gharama, tuliumiza nani, na tuliokoa shilingi ngapi hasa?