Simu Isimfukuze Mwenyewe

Huku Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha, mama mmoja mkulima alinionyesha kosa ambalo wanafunzi wangu hawakuliona kwa wiki tatu. Walikuwa wameunda huduma ya kuuliza bei ya viazi kwa kabambe, simu ndogo ya vitufe. Mama aliisogeza simu mbali na macho, akasoma mstari mmoja mmoja huku midomo ikicheza. Alipofika mstari wa sita, menyu ikatoweka. "Mwanangu, simu imenifukuza," akasema. Mwanafunzi mmoja akainama ili amwambie abonyeze tano. Nikamshika bega, akanyamaza.

Kunyamaza huko ni sehemu kubwa ya kazi ninayoifundisha. Huitwa ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji, jina lililoenea kupitia Don Norman alipokuwa Apple miaka ya 1990. Wengi huja darasani wakidhani ni kupamba skrini. Kabambe haina cha kupambwa. Kwenye menyu za nyota na reli (USSD), ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, na ukikawia mtandao hukata. Kila neno unaloliongeza linamlia mama yule muda wake wa kusoma.

M-Pesa yenyewe ilifunzwa na watumiaji. Mwaka 2005 ilipojaribiwa na wateja wa Faulu Kenya, ilikusudiwa kulipia mikopo midogo. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakitazama hawakuwakataza, waliwafuata. Na Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutuma pesa nyumbani. Siku hizi jina la mpokeaji hutokea kabla pesa hazijaondoka. Mstari huo mmoja umewaokoa wengi waliokosea tarakimu, na aliyeufikiria alijua kidole kinavyoteleza.

Ndiyo maana nikipata mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kubadili kazi, nafurahi. Programu ya kuchorea skrini hujifunzwa kwa majuma machache. Kumtambua mtoto aliyeitikia "ndiyo, mwalimu" ilhali hajaelewa huchukua miaka, na mtu mzima mbele ya simu huitikia vivyo hivyo, kwa heshima tu. Usipomtazama usoni utaandika kwamba amefaulu.

Tulirudi kwa mama tukiwa na menyu ya mistari minne, viazi vikiwa juu kabisa. Alifika mwisho kwa kidole chake mwenyewe, akatuuliza kwa nini bei ya gunia la Naivasha haipo. Hilo nalo hatukuwa tumelifikiria.

Basi mwalimu wa Ndabibi, Maiella au Eburru unayeitamani kazi hii, usingoje kompyuta. Waombe majirani watano, mmoja mmoja, wafanye jambo moja kwenye simu zao. Kaa kando, uandike kila wanaposita. Mtu akiomba nafasi darasani kwangu, maandishi hayo nayasoma kabla ya vyeti.