Chunusi kwa wanawake: Chanzo si uchafu

Katika nyumba zetu nyingi binti akianza kutoka chunusi huanza pia kusikia maneno. Huyu atasema haogi vizuri, yule atasema ameanza kutamani kuolewa. Naye kwa kuona haya husugua uso kwa sabuni ya kufulia, au hununua krimu asiyoijua. Leo tueleze chanzo hasa cha chunusi hizo, ili tuache lawama na tujue la kufanya.

Ndani ya ngozi ya uso, kifua na mgongo kuna tezi ndogo zinazotengeneza mafuta ya kulainisha ngozi. Tezi hizo huongozwa na homoni, yaani vichocheo vinavyosafiri katika damu. Homoni ziitwazo androjeni, ambazo wanaume wanazo nyingi na wanawake wanazo kidogo, huzifanya tezi zitoe mafuta zaidi. Mafuta hayo yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa huziba matundu ya vinyweleo. Bakteria huzaliana humo na ngozi huvimba. Hiyo ndiyo chunusi.

Kwa mwanamke, homoni hubadilika katika vipindi vingi vya maisha:

1. Kubaleghe. Androjeni huongezeka na tezi za mafuta hukua.

2. Siku chache kabla ya hedhi. Homoni za kike hushuka, androjeni zikapata nguvu. Ndiyo maana wengine hutoka chunusi kidevuni na kwenye taya kila mwezi, hata wakiwa na miaka 30 au 40.

3. Ujauzito, hasa miezi ya mwanzo.

4. Uzazi wa mpango. Sindano na vijiti huweza kuwazidishia baadhi ya wanawake chunusi, ilhali baadhi ya vidonge huzipunguza. Usiache wala kubadili njia bila kuongea na mhudumu wa afya.

5. Kukaribia kukoma hedhi.

Ipo hali isiyofaa kupuuzwa. Chunusi sugu zikiambatana na hedhi inayoruka miezi, na nywele nyingi kidevuni au kifuani, huenda ni tatizo la homoni linalohusu mifuko ya mayai. Tatizo hili huweza kuchelewesha mimba na huongeza hatari ya kisukari. Anayeziona dalili hizo aende hospitali, asiishie kwenye krimu.

Wako wanaohofia kuwa kutawadha mara tano kwa siku huleta chunusi. Sivyo. Maji safi hayaleti chunusi. Sabuni ndiyo ya kupunguza: tumia sabuni laini mara mbili tu kwa siku, bila kusugua kwa nguvu. Usitumbue chunusi, kwani huacha makovu na madoa. Epuka kupaka usoni mafuta mazito.

Jihadhari zaidi na mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua huwa na steroidi, ambayo mwanzoni hutuliza uvimbe, kisha hufanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi mpya. Nyingine zina zebaki, inayodhuru figo.

Dawa zipo. Dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi husaidia wengi, lakini huhitaji subira ya wiki sita hadi nane au zaidi. Nayo hufifisha rangi ya nguo, hivyo iache ikauke kabla ya kujifunga mtandio. Kwa chunusi kubwa, daktari huweza kutoa vidonge vya isotretinoini. Hivi ni hatari mno kwa mimba, kwani humlemaza mtoto tumboni. Mjamzito asivitumie kabisa, na asiazime dawa ya mwenzake.

Mzazi, binti yako akikujia na uso uliojaa chunusi, usimcheke. Muulize hedhi yake inakwendaje, mwondolee mkorogo, na ikibidi mfuatane kwa daktari.