Mtu Mweusi Katika Sinema ya Italia: Mgeni wa Kudumu

Sinema ya Italia ilimpata shujaa wa Kiafrika kabla ya kumwajiri mwigizaji Mweusi wa kumwigiza. Mwaka 1914, katika Cabiria, filamu bubu iliyoongozwa na Giovanni Pastrone, mtumwa Maciste, mwenye asili ya Afrika na nguvu za kupinda vyuma, aliigizwa na Bartolomeo Pagano, kuli wa bandari ya Genoa, Mzungu aliyepakwa rangi mwili mzima. Watazamaji walimpenda mno Maciste hata mwaka uliofuata akatungiwa filamu yake mwenyewe, lakini humo rangi ilikwisha kufutwa, na kufikia 1916 alikuwa askari wa Italia mwenye ngozi nyeupe. Shujaa alibaki, Uafrika wake ukaondolewa.

Waigizaji Weusi wenyewe walipata nafasi kubwa zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili, na aliyeng'ara kuliko wote ni John Kitzmiller, Mmarekani Mweusi aliyefika Italia akiwa mwanajeshi na kubaki huko. Katika Senza pietà ya Alberto Lattuada (1948), aliigiza askari Mweusi anayempenda msichana wa Kiitaliano, na ingawa filamu hiyo ilimpa utu na huzuni yenye uzito, haikuthubutu kuwaacha wawili hao waishi: wote wanakufa. Tuzo ya mwigizaji bora ya Cannes aliyotunukiwa mwaka 1957, ambayo hakuna mwigizaji Mweusi aliyekuwa ameipata kabla yake, ilitokana na filamu ya Yugoslavia, si ya Italia iliyomtumia kwa miaka kumi, na huo ni ushahidi mzito dhidi ya wale waliokuwa wakimwandikia nafasi.

Katika miaka ya 1970 walifuata Zeudi Araya na Ines Pellegrini, wenye asili ya Eritrea, koloni la zamani la Italia, ambao uzuri wa miili yao ulithaminiwa kuliko uigizaji wao. Isitoshe, desturi ya Italia ya kuingiza sauti studioni, yaani kuweka sauti ya mtu mwingine mahali pa sauti ya mwigizaji, ilikuwa na uwezo wa kumnyang'anya mtu hata usemi wake.

Mwaka 2023, Seydou Sarr wa Senegal alipata tuzo ya mwigizaji chipukizi mjini Venice kwa Io capitano ya Matteo Garrone, kazi bora inayostahili sifa zote, lakini hadithi yake ya safari ya wahamiaji inakoma pwani ya Italia inapoonekana. Watoto Weusi wa wazazi wa kigeni waliozaliwa ndani ya Italia, ambao kwa Sheria Namba 91 ya mwaka 1992 huweza kuomba uraia wanapotimiza miaka 18 tu, walipewa tamthilia ya Zero mwaka 2021, ikasitishwa baada ya msimu mmoja. Watayarishaji wa Italia wanapaswa kuwaandikia nafasi za daktari, mwalimu, mpenzi na jirani, na kuwaacha wazungumze Kiitaliano chao kwa sauti zao wenyewe.