Neno "Gubu" na Tofauti Yake na "Ukali"

Kiswahili kina maneno mengi ya hasira, wala si yote yenye maana moja. Hamaki ni hasira ya ghafula, iwakayo na kuzimika upesi. Kununa ni hasira ya kimya: mtu hukunja uso asiseme neno. Kukemea ni kumwonya mtu kwa sauti ya nguvu kwa ajili ya kosa alilotenda. Gubu ni jambo jingine. Ni tabia ya mtu achukizwaye na mambo madogo, akawasemasema wenziwe mchana kutwa, hata wasijue kosa lao ni lipi.

Neno hili ni jina tu, halina kitenzi chake; kwa hiyo husemwa "ana gubu," "mwenye gubu," "acha gubu lako." Hutumika sana kwa mambo ya nyumbani, kama gubu la wifi au la mama mkwe, lakini mwanamume naye aweza kuwa na gubu vilevile.

Huku Tabora yafaa tulitenge na neno "ukali." Kiswahili kilifika Unyanyembe pamoja na misafara ya kutoka pwani, na kwa wengi kilikuwa lugha ya pili baada ya Kinyamwezi. Mwenye kujifunza lugha hushika kwanza neno lenye kazi nyingi: jua kali, kisu kikali, siki kali, mbwa mkali. Basi akitaka kutaja gubu, husema "mkali" tu, na maana hupotea. Maana "mwalimu mkali" yaweza kuwa sifa njema, lakini "mwalimu mwenye gubu" si sifa kamwe.

Njia ya misafara yatupa mfano. Katika karne ya 19 mpagazi alichukua mzigo wa ratili 60 au 70 kwa miezi kadhaa, chini ya mnyapara, neno ambalo kwa Wanyamwezi lilimtaja mzee mwenye cheo. Wapagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida walikuwa watu wa ujira. Wakidhulumiwa posho au wakitendewa vibaya, waliweza kutua mizigo na kutoroka. Burton na Speke, waliofika Kazeh mwaka 1857, walisumbuliwa sana na kutoroka huko. Mnyapara hakuweza kuongoza watu bila ukali. Lakini mwenye gubu angaliweza kubaki na mizigo isiyo na wachukuzi.

Kipimo chake ni chepesi. Mtoto aliyekemewa aweza kutaja kosa lake. Aliyefanyiwa gubu hawezi.

Tena apatanishaye mume na mke na asikilize vema. Mke asemapo, "Mume wangu ana gubu," ataja maudhi ya ulimi. Asemapo, "Mume wangu ni mkali," huenda anasitiri mapigo kwa neno la heshima. Hapo msikilizaji asiridhike na neno hilo moja, bali aulize tena, kwa upole na faraghani.