Nafasi ya unene wa karatasi inayookoa gia za gari dogo la nitro

Injini ya gari la mashindano linaloongozwa kwa redio, la kipimo cha 1:8, ina ujazo wa cc 3.5 tu, lakini huweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Gia ya klachi ikiibana mno gia kubwa, joto hupanda na beringi huharibika. Nafasi ikizidi, meno hukatika na mbio huishia hapo.

Kwa hiyo fundi hulegeza skrubu za injini, huweka ukanda wa karatasi kati ya gia hizo, huisogeza injini hadi zibanane, hukaza skrubu, kisha huitoa karatasi. Gia kubwa ikitikiswa kwa kidole sharti icheze kidogo tu. Kipimo hurudiwa sehemu kadhaa za mzunguko, kwani gia inaweza isiwe duara kamili.